Kaisari wangu anashindwa vita vimoja na dola inaanguka: mbona wasomaji hawaniamini?

SWALI: "Naandika riwaya kuhusu Kaisari Varuma, mtawala wa dola niliyoibuni mwenyewe, yenye umri wa miaka 400. Katika sura ya 14 anatoka na askari 60,000 kwenda kuwakabili maadui wa nyikani. Ana kiburi, hawasikilizi majemadari wake, anaingia mtegoni na jeshi lote linateketea kwa siku moja. Yeye mwenyewe anauawa. Miezi mitatu baadaye mji mkuu unatekwa na dola inakwisha. Watu wanne wameusoma mswada na wote wanasema sehemu hiyo haiwaingii akilini. Mmoja kasema Varuma ni mjinga mno kuwa kaisari. Je, niongeze ukubwa wa vita? Afe au atekwe? Na anguko lichukue muda gani ili liaminike?"

JIBU: Ndugu mwandishi, vita usiviongeze ukubwa. Hata ukiwaua askari laki mbili, wasomaji wako watabaki pale pale, kwa sababu kinachowasumbua kimo katika zile kurasa chache kati ya vita na kutekwa kwa mji mkuu. Dola iliyosimama miaka 400 ina maghala, ina ngome, ina makarani wa kodi na magavana wa mikoani, ina maelfu ya watu ambao riziki yao inategemea iendelee kuwapo. Msomaji huenda hajawahi kufungua kitabu cha historia, lakini anajua kwamba nyumba kubwa kama hiyo haibomoki kwa sababu mwenye nyumba kajikwaa kizingitini. Anataka kuonyeshwa nani alikuwa ndani aking'oa nguzo.

Dhana unayoitegemea, kwamba kipigo kikubwa huiua dola kama mkuki uuavyo mnyama, ni ya kawaida sana, na vitabu vya shule vimeisaidia kuenea. Tazama mambo yalivyokwenda kwa Waroma. Mwaka 216 K.K. Hannibal, jemadari wa Karthago, dola ya Afrika Kaskazini, aliwazingira huko Cannae, kusini mwa Italia, akawaua makumi ya maelfu kwa mchana mmoja. Konsuli mmoja, yaani mmoja wa viongozi wawili wakuu wa Roma, alianguka papo hapo. Mwenzake, Varro, akaponyoka na wapandafarasi wachache. Kwa hesabu ya sura yako ya 14, Roma ilitakiwa iishe kabla ya msimu kugeuka. Baadhi ya washirika wake waliasi kweli, mji wa Capua ukiwamo. Lakini Seneti ilikataa kuwakomboa mateka kwa fedha, ikawekea maombolezo kikomo cha siku 30, ikanunua watumwa wapatao 8,000 na kuwapa silaha. Na Varro aliporudi, watu walitoka kumlaki na kumshukuru kwa kuwa hakuikatia tamaa jamhuri. Jemadari aliyepoteza jeshi zima, anashukuriwa! Miaka 14 baadaye Hannibal ndiye aliyeshindwa, tena kwao Afrika.

Sisemi Waroma walikuwa mashujaa kuliko watu wengine. Nasema kipigo kile hakikuacha kiti cha enzi wazi. Hapakuwa na mjomba, mkwe wala mtoto wa kambo wa kukigombea. Askari waliobaki wakaendelea kumtazama adui yule yule wa nje.

Sasa njoo kwa mtu ambaye naona ndiye ndugu wa damu wa Varuma wako: Romanos IV Diogenes, kaisari wa Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki iliyokuwa na makao yake Constantinople. Nitakaa kwake kidogo, maana karibu kila kinachokosekana katika mswada wako kinapatikana kwake.

Romanos alikuwa askari aliyekomaa, na aliingia madarakani mwaka 1068 kwa kumwoa mjane wa kaisari aliyemtangulia. Ukoo wa marehemu, akina Doukas, walimwona kama mgeni aliyekalia kiti cha mtoto wao. Tarehe 26 Agosti 1071, karibu na ngome ya Manzikert, mashariki mwa nchi tunayoiita leo Uturuki, akakutana na Sultan Alp Arslan wa Waturuki wa Seljuk. Kutwa nzima alisonga mbele, na wapandafarasi wa Sultan wakawa wanarudi nyuma huku wakimpiga mishale kutoka pembeni. Jioni, akiwa mbali na kambi yake, akaamuru bendera zigeuzwe ili jeshi lirudi. Askari waliokuwa mbali wakaona bendera zinageuka, wasijue kwa nini. Kikosi cha nyuma, ambacho kazi yake ni kufunika mgongo wa wenzao wanaporudi, kilikuwa chini ya Andronikos Doukas, mtoto wa ndugu wa kaisari marehemu. Huyo akavumisha kwamba Romanos ameanguka, akakiondoa kikosi chake, akaenda zake. Kikulacho ki nguoni mwako. Romanos alizingirwa, akapigana mpaka akajeruhiwa, akatekwa.

Hapa ndipo wewe ungeandika kwamba jeshi zima limeteketea. Lakini kikosi cha nyuma kilirudi salama, na sehemu kubwa ya jeshi, iliyokuwa imetumwa mapema kuelekea mji wa Ahlat, haikupigana kabisa siku ile. Ukihesabu maiti peke yake, Manzikert haikuwa balaa la kuimaliza dola. Hata mshindi hakuwa na haja ya kuimaliza. Macho ya Alp Arslan yalikuwa kusini, kwa Wafatimi waliotawala Misri. Alimkirimu mateka wake, wakapatana fidia na kodi ya kila mwaka, na baada ya siku chache akamwachilia pamoja na walinzi wa kumsindikiza.

Balaa lilimngojea nyumbani. Habari zilipofika Constantinople, ukoo wa Doukas ulimtangaza Romanos kuwa amekwisha ondolewa, ukamwacha mtoto wake wa kambo, Michael VII, atawale peke yake. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa dola ilikuwa na makaisari wawili, mmoja akiwa njiani kurudi. Romanos alikusanya askari, akapigana na watu wa nchi yake, akashindwa; na aliyeongoza jeshi lililommaliza ni Andronikos yule yule. Alijisalimisha baada ya kuhakikishiwa usalama mbele ya maaskofu. Juni 1072 wakamtoboa macho, naye akafa kwa vidonda vile.

Fuata sasa madhara yake mmoja baada ya mwingine, ukiwa na kalamu mkononi. Mapatano na Sultan yalikuwa ya Romanos. Romanos alipoondolewa, hapakuwa na wa kuyatimiza, na uvamizi wa mpakani ukarudi bila kizuizi. Askari waliopaswa kuulinda mpaka wa mashariki waliitwa magharibi kupigania kiti. Mamluki waliokuwa wakidai mishahara wakaanza kujilipa wenyewe: Mnormani mmoja, Roussel de Bailleul, aliasi na kujikatia nchi yake ndani ya Anatolia, eneo la Uturuki ya leo upande wa Asia, na serikali ikalazimika kuwatumia Waturuki kumkamata. Kisha kila aliyetaka ukaisari alikodi Waturuki. Nikephoros Melissenos, karibu na mwaka 1080, aliwaweka wawe walinzi wa miji iliyomkubali. Melissenos alipita, walinzi wakabaki. Nataka uikumbuke picha hiyo: miji ile haikubomolewa kuta na adui, ilifunguliwa milango na mtu aliyevaa viatu vyekundu vya kikaisari.

Yote hayo yalichukua kama miaka 10. Na dola haikufa. Mwaka 1081 alitokea Alexios Komnenos, akaishona kwa uzi na sindano, ikaishi kwa mashaka na fahari hadi Wapiganaji wa Msalaba walipouteka mji mkuu mwaka 1204, ikainuka tena, ikamalizika mwaka 1453. Kutoka Manzikert hadi mwisho huo ni miaka 382. Tunaposema vita viliharakisha kudhoofika kwa dola, tunasema habari ya mteremko mrefu wenye vilima vyake.

Tena mteremko ulikuwa umeanza kabla. Sarafu ya dhahabu ya Bizanti, iliyoaminika kwa karne nyingi, ilikuwa ikichanganywa na madini duni tangu miongo kadhaa kabla ya vita. Majeshi ya baadhi ya mikoa ya mpakani yaligeuzwa kuwa walipa kodi ili hazina ipate fedha taslimu. Michael VII mwenyewe alipewa jina la utani Parapinakes, maana yake kama "pungufu ya robo", kwa kuwa enzi yake sarafu ilinunua nafaka kidogo kuliko zamani. Napenda sana jina hilo. Kaisari mzima anakumbukwa kwa kipimo cha sokoni. Kama unatafuta namna ya kuonyesha uozo wa dola bila kumpa mhusika hotuba ndefu, mpe mwanamke aliyesimama kwenye foleni ya nafaka neno moja la namna hiyo.

Ukitaka mfano wa mtawala anayefia uwanjani kama Varuma, nenda kwenye Ufalme wa Kongo wa zamani. Tarehe 29 Oktoba 1665, huko Mbwila, Mfalme António I wa Kongo aliuawa akipigana na jeshi la Wareno wa Angola, na wakuu wengi wa nchi wakafa pamoja naye. Kongo mfalme alichaguliwa miongoni mwa matawi ya ukoo, kwa hiyo kila kifo kilifungua swali. Kifo hiki kilifungua swali huku wengi wa kulijibu wakiwa wamelala uwanjani. Koo za Kimpanzu na Kinlaza zikagombana kwa miongo. Mwaka 1678 mji mkuu, Mbanza Kongo, uliporwa na kuachwa mahame, na haukukaliwa tena na mfalme hadi Pedro IV aliporudi mwaka 1709. Wareno je? Mwaka 1670 walijaribu kuivamia Soyo, jimbo la Kongo lililokuwa likijiendesha lenyewe, wakapigwa vibaya huko Kitombo. Mshindi wa Mbwila hakuinyakua Kongo. Ilichanwa na wenyewe.

Baada ya hayo, maswali yako.

Afe au atekwe? Kila njia ina gharama yake. Akifa mbele ya macho ya watu, na ana mrithi mtu mzima aliyekubalika, dola huwa na nafasi nzuri ya kupona: msiba huunganisha, mrithi hupata kisingizio cha kuanza upya. Ukimuua Varuma, basi muue pamoja na hao ambao wangechagua mrithi, kama Mbwila, au mwachie mtoto mdogo na walezi watatu wasiopatana. Njia ya pili ni afe bila maiti yake kuonekana. Ilitokea kwa Valens, kaisari wa Roma ya Mashariki, mwaka 378 alipopigana na Wagothi, watu wa makabila ya Kijerumani, karibu na mji wa Adrianople. Mwili wake haukupatikana kamwe. Kwa mtunzi hiyo ni zawadi, maana hutoa mwanya wa mtu yeyote mwenye kovu linalofanana kutokea miaka miwili baadaye akidai yeye ndiye. Njia ya tatu, ambayo ningeichagua ningekuwa wewe, ni atekwe na kurudishwa. Kaisari aliye hai, aliyeaibika, mwenye mkataba mkononi, anayepanda milima kurudi kwenye mji ambao umeshamtawaza mwingine: hapo huhitaji jeshi la adui tena kwa sura tano nzima. Tatizo lake ni kwamba riwaya itarefuka, na itabidi umpende Varuma kidogo.

Kuhusu kiburi, rafiki yako kasema kweli. Kiburi kipo, lakini mtu mzima mwenye madaraka hukivalisha sababu. Valens alikuwa nazo. Wapelelezi wake walimwambia Wagothi walio mbele yake ni kama 10,000 tu. Mpwa wake Gratian, kaisari wa magharibi, alikuwa njiani na jeshi la kumsaidia, naye kijana huyo alikuwa ametoka kuwashinda Waalamani, kabila jingine la Kijerumani. Kumsubiri kulimaanisha kugawana sifa. Washauri waligawanyika, wengine wakimwambia asubiri, wengine apige sasa. Akachagua kupiga. Askari wake wakatembea maili 8 kwenye jua la Agosti, wakafika na kiu, adui akawachelewesha kwa wajumbe wa amani huku wapandafarasi wake wakirudi kutoka malishoni, na mwisho vikosi vingine vikaanza kupigana kabla ya amri. Kila uamuzi katika mnyororo huo ungeweza kufanywa na mtu mwenye akili timamu. Mpe Varuma sababu tatu nzuri za kufanya kosa lake, na angalau mshauri mmoja wa heshima anayekubaliana naye. Msomaji aseme, "Hata mimi ningekwenda."

Hao askari 60,000 nao wanakusumbua bila wewe kujua. Fanya hesabu. Kila mtu akila kilo moja ya nafaka kwa siku, ni tani 60, kabla hujamlisha farasi hata mmoja. Wakitembea wanne wanne, na kila safu ikichukua mita mbili, mstari wao ni wa kilomita 30, yaani zaidi ya mwendo wa siku moja: wa mbele wamepiga kambi, wa nyuma hawajaondoka ya jana. Jemadari yeyote analigawa jeshi kama hilo, alipende asilipende, ili lipate maji na masurufu. Na ukiligawa, umepata bila gharama kile Romanos alichokipata: nusu ya jeshi iko mahali pengine siku ya siku. Punguza idadi au uitumie. Mimi ningeitumia.

Jambo jingine dogo. Umeandika wanateketea wakiwa wamesimama wakipigana. Katika vita vya mikuki na panga, vifo vingi hutokea mstari ukishavunjika, watu wakikimbia na migongo iko wazi. Kabla ya hapo pande mbili zinaweza kusukumana kwa saa nyingi na maiti wakawa wachache kuliko udhaniavyo. Kinachouvunja mstari mara nyingi ni habari, ya kweli au ya uongo. Vumbi limetanda, hakuna anayeona zaidi ya hatua chache, kila mtu anaitazama bendera. Ndiyo maana uvumi mmoja wa Andronikos ulifanya kazi ya wapandafarasi elfu.

Muda. Kama unataka kudhoofika, jipe miaka 10 hadi 40, na umpe mtu mmoja, karani au mke wa askari, aishi yote hayo tuyaone kwa macho yake. Kama umeamua lazima iwe miezi, si haramu, lakini utalipa mwanzoni. Dola ya Songhai, huko Afrika Magharibi, ilivunjika haraka baada ya vita vya Tondibi mwaka 1591, ambako jeshi la watu wapatao 4,000 kutoka Moroko, lenye bunduki, lilimshinda mtawala wake, Askia Ishaq II, na jeshi lake kubwa zaidi. Bunduki zilisaidia sana. Lakini miaka mitatu kabla, mwaka 1588, Songhai ilikuwa imepigana yenyewe kwa yenyewe kugombea utawala, na baada ya kipigo Ishaq hakuchelewa kuondolewa na watu wake. Hata hapo, upinzani uliendelea kusini, Dendi, kwa miaka mingi. Ukitaka mwisho wa kasi, basi sura ya 3 hadi ya 13 zituonyeshe dola ambayo tayari imepigana na nafsi yake, ili sura ya 14 iwe msumari wa mwisho badala ya wa kwanza.

Mengi ya haya unaweza kuyatengeneza peke yako mezani. Mawili matatu nakushauri usiyafanye kwa barua. Mchoro wa uwanja wa vita, upeleke kwa mtu aliyewahi kuongoza askari, hata kikosi kidogo. Kaa naye, mpe vijiti na kokoto, mwambie akuonyeshe nani anaona nini kutoka wapi. Atakugundulia makosa ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyaona. Kama Varuma wako ameanza kufanana sana na mtawala halisi wa watu ambao bado wapo na bado wanasimulia kipigo kile, watafute, uwasikilize ana kwa ana kabla hujachapisha. Kwao hiyo si ngano ya kale. Na kama umeiandika upya sura ya 14 mara ya nne na bado inakwama, mtafute mhariri wa riwaya akae na mswada wote, kwa maana huenda ugonjwa uko sura ya 5 na wewe unaendelea kuifunga bandeji ya 14.

Hukuniuliza vita visimuliwe na nani, lakini naona umevisimulia kutoka juu ya farasi wa Varuma. Jaribu kurasa mbili tu kutoka kikosi cha nyuma: kijana ameshika mkuki, jua linazama, mbele yake hakuna kitu ila vumbi, na mtu aliye kulia kwake anamwambia kaisari amekufa. Anaangalia bendera. Inageuka.